Nuru: Injini ya Kuazima, Maneno ya Kwetu

Taja Nuru mbele ya wasee wanaoandika programu hapa Nairobi na jibu la kwanza litakuwa kicheko. La pili: "Si hiyo ni Monkey imevalishwa kanzu?" Wana ukweli wao. Nuru ni lugha ya programu kutoka Tanzania ambayo amri zake ni za Kiswahili, na walioitengeneza hawakuficha ilikotoka. Wamesema waziwazi kwamba msingi wake ni kitabu cha Thorsten Ball, Writing an Interpreter in Go, kilichotoka 2016. Kitabu hicho kinakushika mkono ukurasa kwa ukurasa mpaka umejenga lugha ndogo iitwayo Monkey. Nuru ilichukua injini hiyo, ikang'oa maneno ya Kiingereza, ikatia ya kwetu, kisha ikaongeza vyumba ambavyo Monkey haikuwa navyo: mizunguko, pakeji, kufungua faili, kuongea na mtandao.

Mimi naona watu wanaigombeza kwa kosa ambalo si kosa, halafu wanaisamehe lile ambalo ni kosa kweli.

Tuanze na hilo la kunakili. Monkey yenyewe inasoma hesabu zake kwa mbinu aliyoieleza Vaughan Pratt mwaka 1973. Go, lugha iliyotumika kuijengea, ilitangazwa na Google mwaka 2009, na mmoja wa waliyoibuni ni Ken Thompson, yule yule wa Unix. Hakuna aliyeanza na udongo mtupu. Fikiria matatu: chasisi ya Isuzu, bodi imechomelewa hapa hapa mjini, muziki na michoro ya vijana wa mtaa. Ukipanda Railways huulizi injini ilitoka wapi. Unauliza kama inafika Rongai.

Na hawa wakubwa je? Flutter, kiunzi cha kujengea apu ambacho vijana wengi hapa wanakitumia, kilianza na watu wa timu ya Chrome kukata vipande vya kivinjari hicho ili waone kitakuwa na kasi gani kikibaki chepesi. Chrome nayo ilipotoka 2008 ilikuwa imebeba WebKit ya Apple. WebKit nayo ilitokana na KHTML, kazi ya wanaojitolea wa mradi wa KDE. Kuchora kwenye skrini, Flutter ilitumia Skia, ambayo Google iliinunua 2005. Lugha yake, Dart, ilizinduliwa 2011 kule Aarhus, Denmark, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kama mgeni asiyejulikana amekuja harusini na nani, mpaka Flutter 1.0 ilipotoka Desemba 2018 ikaipa kazi. Na kupanga herufi? Hapo inategemea HarfBuzz, jina lililotokana na Kiajemi. Hiyo "harf" ni ile ile ya Kiarabu iliyotupa sisi "herufi". Kwa hiyo ukiandika "Habari" kwenye apu yako, kuna kipande kidogo cha undugu humo ndani ambacho hakuna aliyekuambia.

Sasa kama Google inaunga viraka hivyo na tunaita uvumbuzi, kwa nini kijana wa Tanzania akiunga tunaita wizi? Naomba hilo tuliweke kando.

Twende kwenye maneno, kwa sababu hapo ndipo Nuru ni ya Nuru. Ukibadilisha maneno ya lugha ya programu unafanya kazi ya mfasiri, na mfasiri anahukumiwa kwa neno moja moja.

Yapo yaliyonifurahisha. Kuomba mtumiaji aandike kitu, amri ni "jaza". Kila mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni ya ofisi ya serikali anajua kujaza ni nini. Ile njia ya mwisho, ikiwa hakuna chaguo lililolingana, inaitwa "kawaida", na sidhani Kiingereza kina neno tulivu hivyo kwa jambo hilo. Kuongeza kitu mwisho wa orodha ni "sukuma", na Mkenya yeyote atacheka kidogo akikumbuka mboga. Kuunganisha vipande vya orodha viwe sentensi ni "unga". Hata "vunja", inayokatiza mzunguko, nilidhani ni tafsiri ya sisisi mpaka nikakumbuka tunavunja mkutano, tunavunja baraza, tunavunja ndoa. Hakuna sahani hapo. Neno limesimama.

Halafu kuna "ktk". Katika Nuru unaandika "kwa i ktk orodha", hivyo hivyo, herufi tatu. Wazee wa kamusi watashika kichwa. Mimi nalipenda kuliko yote. Ni mwandiko wa daftari la shule, wa ubao wa matangazo, wa meseji ya zamani ya kuhesabu herufi. Ni neno pekee katika lugha hii ambalo halikutafsiriwa kutoka popote. Lilikuwa kwetu tayari, likisubiri kazi.

Mengine yamechechemea. "Tupu" inamaanisha hakuna thamani yoyote, lakini neno lisilo na herufi hata moja nalo si ni tupu? Mwanafunzi atachanganya pochi isiyo na pesa na kukosa pochi kabisa. "Sikweli" imeandikwa kama neno moja, na mwalimu yeyote wa Kiswahili angeitia wino mwekundu. Na "sivyo" ndiyo inayoniuma zaidi. Nuru inasema: kama hivi, fanya hili, "sivyo" fanya lile. Lakini sisi tunasema "la sivyo". "Kama huna nauli, shuka, la sivyo, kaa." "Sivyo" ikisimama peke yake mwisho wa sentensi ni swali: umekula, sivyo? Kila nikiisoma programu ya Nuru nasikia kompyuta ikiniomba nikubaliane nayo.

Lakini hata haya si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba sentensi imebaki ya Kiingereza. Maneno yamehama, mifupa haikuhama. Kiswahili hakihitaji neno la pembeni kuweka sharti. Sharti linakaa ndani ya kitenzi. Ukifika, nipigie. Usipofika, nitaondoka. Hiyo -ki- na hiyo -sipo- ni injini kamili, na Nuru imeiacha nje ya geti.

Na pakeji! Programu nyingi hugawa vitu katika makundi, kila kundi na tabia zake, na wanachama wake wote wanafuata kanuni moja. Nuru imeliita kundi hilo "pakeji". Jamani. Tuna lugha ambayo uti wake wa mgongo ni kugawa vitu katika makundi yenye kanuni, na kundi hilo lina jina ambalo kila mtoto wa shule amelichapiwa kiboko: ngeli. Lilikuwa pale.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo usinichukulie kama mwanaisimu. Lakini hebu fikiria Nuru ambayo upatanisho wa kisarufi ndio ukaguzi wa aina za data. Ukisema "kifute" inajua unazungumzia kitabu, ukisema "ifute" inatafuta faili, "zifute" ni orodha nzima. Ukichanganya, inakataa kabla programu haijaanza kukimbia. (Nusu ya Nairobi, sisi tunaosema kitabu imeanguka, tungekesha na ujumbe wa makosa. Sawa tu.) Si ndoto ya mlevi. Mwaka 2000 Damian Conway alitengeneza namna ya kuandika Perl kwa Kilatini, ambapo mpangilio wa maneno ni huru na viambishi vya mwisho ndivyo vinavyoeleza nani anafanya nini. Alifanya kwa utani, lakini mashine ilielewa. Na Kilatini hakina mtu wa kukinunulia mkate.

Najua jibu la wajenzi: lengo ni mwanafunzi aanze kwa urahisi, kisha ahamie Python bila mshangao. Ni lengo la heshima. Tena linaeleza kila kitu. Ukijenga daraja, unapima upana wa mto kwa kuangalia ng'ambo ya pili. Nuru imepimwa kwa Kiingereza kwa sababu inakupeleka huko. Nisichokubali ni kuitwa kwamba sasa tunafikiri kwa Kiswahili. Bado tunafikiri kwa Monkey.

Kinachoweza kubadilisha hili ni apu, zaidi ya sarufi. Ruby ilikuwapo tangu 1995, lakini dunia iliisikia baada ya Rails kutoka 2004. Dart nimeshasema. Lugha ndogo inaishi kwa kile watu wanachojenga nayo, na Nuru ikiwa na moduli ya mtandao, yenye amri nzuri ya "peruzi", haiko mbali sana na kiunzi chake. Vipande vya kuungia vipo vimejaa katika Go. Swali ni vitaitwaje, maana hapa kila kitufe, kila kisanduku, kila kidirisha kinahitaji jina, na tukiachia kamusi tutapata majina ambayo hakuna mtu ameyatamka tangu yachapishwe.

Mimi ningeanza na simu ya mama yangu. Hajawahi kusoma mstari hata mmoja wa programu, ila menyu ya M-Pesa anaijua kwa moyo: tuma pesa, toa pesa, weka PIN. Amri fupi, kitenzi mbele, kitu nyuma, na mamilioni ya watu wameshaifanyia mtihani bila kufundishwa darasani. Kiunzi kinachoanza na vitenzi hivyo kingekuwa na watumiaji wanaokielewa kabla hakijaandikwa.