Akaunti Yako, Laini ya Nani?

Nyaraka za familia nyingi Isiolo hazikai tena sandukuni tu. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha baba, barua ya ploti, matokeo ya mtihani wa KCSE: vyote hupigwa picha na kuwekwa Google Drive au kuachwa ndani ya baruapepe. Huku kaskazini mwa Kenya jambo hili ni zito. Kwa miongo mingi vijana wetu walisimamishwa mbele ya kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho, wakidaiwa karatasi za wazazi na hata za babu. Kwa hiyo nakala ya karatasi hizo ni mali. Wengi huhofia wezi wa mitandaoni watakaovunja seva huko ng'ambo. Mimi nahofia zaidi namna akaunti zenyewe zinavyofunguliwa hapa mjini.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaingia saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, kuomba nafasi ya chuo KUCCPS, mkopo wa HELB au PIN ya kodi ya KRA. Hana baruapepe, kwa hiyo mhudumu anamfungulia hapo hapo. Namba ya simu inapotakiwa ili msimbo utumwe, simu ya kijana imezima, basi mhudumu anaweka yake. Hana nia mbaya. Foleni ni ndefu. Nywila inakuwa jina la mteja likifuatwa na 123, inaandikwa nyuma ya risiti. Kivinjari kinauliza kama kiihifadhi, kinajibiwa ndiyo. Vyeti vilivyoskaniwa vinabaki kwenye kompyuta.

Tangu dakika hiyo akaunti ina wenyewe wawili. Google haimjui mtu kwa sura wala kwa ukoo. Humtambua kwa nywila, kwa kifaa alichozoea kukitumia, na kwa namba au baruapepe ya uokoaji. Mwenye namba hiyo mara nyingi hahitaji nywila: anasema amesahau, anapokea msimbo, anaweka nywila mpya. Ukitokea mgogoro, kifaa na namba viko saiba, na kijana amebaki na jina lake tu.

Hata laini yako mwenyewe ina kasoro. Mchungaji aliyehamisha mifugo fora, yaani malisho ya mbali yasiyo na mtandao, anaweza kukaa muda mrefu bila kuiwasha. Laini iliyolala hivyo kampuni huirudisha sokoni, na misimbo ya akaunti ikaanza kumfikia aliyeinunua. Tena, tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti za kibinafsi zisizoguswa kwa miaka 2. Aliyefungua akaunti ya kuwekea nyaraka kisha akaiacha ndiye hasa anayeguswa na kanuni hiyo.

Sisemi kwamba seva hazina hatari. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa kwenye kituo hicho hicho wakapoteza kila kitu. Julai 2023 eCitizen, tovuti yetu ya huduma za serikali, ilishambuliwa. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini huduma zilikwama kwa siku kadhaa. Ila picha za siri za waigizaji wa Marekani zilipoibwa iCloud mwaka 2014, wezi hawakuhitaji kuvunja seva. Walituma baruapepe za uongo, na wenye akaunti wakawapa nywila kwa mikono yao.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inambana hata mwenye saiba: achukue data kwa kazi aliyoombwa, aitunze, asiikalie bila sababu. Lakini kanuni za 2021 zinasamehe usajili kwa Kamishna wa Data, kwa kazi nyingi, biashara yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Naelewa kwa nini wadogo wamepunguziwa mzigo. Hata hivyo, kaunta zinazopitisha vitambulisho vingi zaidi mjini zimeachwa mbali na macho ya Kamishna, na hilo si sawa.

Kurekebisha akaunti kuna mpangilio wake. Anza na namba ya uokoaji, uweke yako au ya ndugu unayemwamini, ndipo ubadilishe nywila. Ukianza na nywila, mwenye namba ya zamani bado anaweza kurudi. Kisha tazama orodha ya vifaa na uviondoe usivyovijua. Washa uthibitisho wa hatua mbili, uchapishe misimbo 10 ya akiba ambayo Google hutoa. Hiyo hufanya kazi hata laini ikipotea. Iweke pamoja na vyeti halisi, na nakala nyingine ya vyeti iwe kwenye flashi iliyo nyumba nyingine. Na ukiwa bado kwenye kaunta, kabla hujalipa, mwombe mhudumu afute ulichoskani mbele ya macho yako, pamoja na kilichobaki kwenye pipa la taka la kompyuta.