Mguu Utangulie, Mwili Ungoje

Kisigino cha kushoto kinagusa chini, lakini bado hakijabeba kitu. Uzito wote uko mguu wa kulia: goti limekunjwa kidogo, nyonga imelegea, na mtu huyu akiamua kuurudisha mguu wake wa kushoto nyuma atauvuta bila kuyumba hata kidogo. Hajaamua hivyo. Wayo unalala taratibu, kiuno kinaanza kugeuka, goti la mbele linakunjika, na uzito unahama: robo, nusu, robo tatu. Hatua moja imekwisha. Kwa muda huohuo wewe ungekuwa umeshavuka barabara na kuanza kugombania kiti cha dirishani kwenye basi.

Tai chi ni hiyo. Mikono inayoelea hewani ndiyo inayopigwa picha, lakini kazi yenyewe iko chini ya kiuno. Ukifika asubuhi kwenye bustani ya Hekalu la Mbinguni mjini Beijing, wastaafu wakiwa wamejipanga chini ya miti, utaijua mara moja tofauti ya mgeni na mwalimu: mgeni anatazama mikono, mwalimu anatazama nyayo. Mwalimu anayeijua kazi yake atamsumbua mwanafunzi kuhusu kisigino kwa miezi kabla ya kumwambia lolote juu ya vidole vya mkono. Mwanamke wa kwetu anayepanda kilima kutoka kisimani akiwa na ndoo kichwani angemwelewa mwalimu huyo siku ya kwanza. Shingo imenyooka bila kukakamaa, mabega yameshuka, nyonga ndiyo inayofanya hesabu yote, na mguu hauaminiwi mpaka ardhi ijibu.

Ufundi huu haukuzaliwa kwa ajili ya wazee wala wagonjwa. Ulizaliwa kwa ajili ya kupigana. Kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, ndicho kinachotajwa kuwa chimbuko lake, na wanaukoo wa Chen humtaja babu yao Chen Wangting, aliyekuwa mpiganaji katika karne ya 17. Karne mbili baadaye kijana wa nje ya ukoo, Yang Luchan, alijifunza hapo chini ya Chen Changxing, kisha akaenda Beijing kuwafundisha walinzi na watu wa kasri la mfalme. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyefariki mwaka 1936, ndiye aliyeipa tai chi sura inayojulikana leo duniani: mienendo mipana, mwendo mmoja usiopanda wala kushuka, bila kuruka, bila mshindo wa ghafla. Mwaka 1956 kamati ya michezo ya serikali ya China ikachukua mtindo huo wa Yang, ikaufupisha hadi mienendo 24 na kuusambaza nchi nzima. Mzunguko mmoja wa mienendo hiyo huchukua kama dakika sita hivi.

Wapo wanaolalamika kwamba kwa kupunguzwa kasi na kufupishwa hivyo, sanaa ya vita iligeuzwa kuwa mchezo wa wazee. Mimi naona walioipunguzia kasi waliipa kazi ngumu zaidi. Hatua ya haraka inaficha mengi. Ukikimbia, kasi yenyewe inakubeba. Ukikosea mguu mmoja, wa pili unaokoa. Polepole hakuna wa kukuokoa. Simama kwa mguu mmoja katika mwenendo unaoitwa Jogoo wa Dhahabu, halafu ushushe mguu ulioinuliwa kwa utaratibu uleule ulioupandisha. Paja litakwambia ukweli wote.

Katika mwendo huo wa polepole ndimo ilimo faida ya kiafya, na watafiti wameipima. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Oregon, Marekani, chini ya Fuzhong Li, kwa watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huu huweza kumnyima mtu mwanzo wa hatua: anataka kwenda, ubongo unatoa amri, mguu unaganda sakafuni. Kundi moja lilifanya tai chi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, la pili likafanya mazoezi ya kujenga misuli, la tatu likajinyoosha tu. Wa tai chi waliweza kuegemea mbali zaidi bila kupoteza mizani kuliko makundi yote mawili, na walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha. Miezi mitatu baada ya mafunzo kwisha, faida ilikuwa bado ipo. Mwaka 2018 Li na wenzake walitoa matokeo mengine, safari hii ya watu 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliokwisha kuanguka au wenye miguu isiyoaminika. Waliofundishwa mienendo ya tai chi iliyorekebishwa kwa ajili yao walianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliojinyoosha.

Mzee anapoanguka, mara nyingi mfupa si msiba pekee. Mfupa ukiunga, hofu inabaki. Anaacha kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, anaacha kushuka ngazi, watoto wanamwambia kaa hapo baba tutakuletea, na kila wiki anayokaa mapaja yanazidi kunywea. Hofu ya kuanguka ndiyo inayoandaa anguko linalofuata. Sasa rudi kwenye kile kisigino kilichogusa chini bila kubeba kitu. Anayejifunza hatua hiyo anajifunza kwamba anaweza kuuliza kabla ya kujitoa, na kwamba akijibiwa vibaya anaweza kurudi. Kwa mtu ambaye mwili wake umemsaliti mara moja, sijui zawadi kubwa kuliko hiyo.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni ule ambao kwa kipimo kimoja ulishindwa. Mwaka 2011 Gloria Yeh na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 100 ambao moyo wao ulikuwa umechoka kusukuma damu. Nusu walifundishwa tai chi, nusu wakapewa elimu ya afya. Mwishoni umbali ambao mgonjwa angeweza kutembea kwa dakika sita haukutofautiana kwa maana yoyote baina ya makundi hayo mawili. Moyo haukugeuka kuwa wa kijana. Lakini wa tai chi walisema maisha yao yamekuwa bora, hisia zao zilikuwa njema zaidi, na waliamini zaidi kwamba wanaweza kufanya mazoezi. Kwenye magoti yaliyosagika nako, Chenchen Wang, pia wa Boston, alikuta mwaka 2016 kwamba tai chi ilipunguza maumivu sawa na tiba ya viungo ya hospitali, ila sonona ilipungua zaidi kwa waliocheza tai chi.

Kwa nini moyo utulie kwa sababu ya kisigino? Maelezo ya wauzaji wa miujiza, ya nishati inayozungushwa mwilini mpaka uvimbe uyeyuke, nayaacha kwa wenyewe. Ninachokiona ni kwamba mtu mwenye wasiwasi huambiwa na kila mtu aache kuwaza, shauri lisilotekelezeka. Tai chi haimwambii aache. Inampa cha kuwaza. Uzito wako uko wapi sasa? Kiuno kimetangulia au mkono umekimbia? Baada ya Korongo Mweupe kufungua mbawa kinafuata nini? Ukipoteza uzi mwenendo unakatika na unasimama katikati ya bustani kama mtu aliyesahau alichotumwa. Deni, matokeo ya vipimo, maneno ya mwenzako kazini, vyote vinangoja nje kwa dakika sita za mzunguko mmoja kwa sababu ndani hakuna nafasi. Pumzi nayo inarefuka yenyewe, bila kuamriwa.

Lou Reed, mwanamuziki wa New York aliyeimba mambo makali ya mitaani na dawa za kulevya, hakuwa mtu wa kutafuta utulivu wa maua na uvumba. Alijifunza mtindo wa Chen kwa miaka mingi chini ya mwalimu Ren Guangyi. Alipofariki Oktoba 2013 kwa ugonjwa wa ini, mkewe Laurie Anderson aliandika kwamba dakika za mwisho mikono yake ilikuwa ikifanya mienendo ya tai chi. Tai chi haikumponya ini.

Basi mwenye kisukari aendelee na dawa zake, na mwenye presha vilevile. Na magoti yalindwe. Wanaoumia kwenye tai chi wengi huumia hapo, kwa kuchuchumaa chini kuliko uwezo wao ili waonekane mabingwa, au kwa kuzungusha goti huku limebeba mwili mzima. Goti lifuate vidole vya mguu, lisiingie ndani, lisivipite. Anayeumwa asimame juu zaidi. Kwa asiyeweza kusimama kuna mienendo ya kufanyia kitini, na si ya watoto.

Kinachosahaulika na wengi wanaokuja kwa ajili ya afya ni nusu ya pili ya ufundi, kusukumana mikono. Watu wawili wanasimama wakitazamana, vifundo vya mikono vimegusana, kila mmoja anatafuta mizani ya mwenzake ilipo. Hapa nguvu haisaidii sana. Anayekaza bega anampa mpinzani pa kumshikia, na mwenye hasira hukaza bega kabla hata hajajua kwamba amekasirika. Mwenzake analegea, anageuza kiuno, ule msukumo unapita pembeni na kumbeba aliyeuleta. Hasira hiyo unaionea aibu papo hapo, tena mbele ya watu, na hakuna mshauri anayeweza kukuonyesha kwa ufupi namna hiyo. Ndiyo maana si ajabu bustanini kumkuta kijana wa kifua kipana amerudishwa hatua tatu nyuma na bibi wa miaka sabini, anajiinamia akicheka, anafuta jasho, kisha ananyoosha tena mkono na kumwomba bibi amwonyeshe alikosea wapi.