Mkono Unaoujua Mchunga

Vuli hii, shambani nje kidogo ya Muheza, nilimtazama bibi mmoja akichuma mchunga katikati ya mahindi. Hakung'oa. Alibana ncha kwa kidole gumba na cha shahada, akakata majani machanga ya juu, akaliacha shina lichipue tena. Mche uliokwisha kutoa maua aliupita. "Huo umekomaa, mwanangu, uchungu wake hauliki." Utomvu mweupe ulimganda vidoleni ukageuka kahawia, naye akaendelea kujaza pindo la kanga. Penye mtaro wa barabara mchunga ulinawiri kuliko kote, lakini hakuugusa, maana alijua maji ya mtaro ule yanatoka wapi. Pindo lilipotosha sufuria moja, akaacha kuchuma, ingawa majani yalikuwa bado tele.

Jikoni nako kuna kazi yake. Mchunga huchemshwa, maji yakamwagwa, ukakamuliwa, ndipo ukaungwa kwa kitunguu na nyanya, kasimile ikaja mwisho kabisa. Mpishi hodari hauui uchungu wote. Hubakiza kiasi cha kuuchangamsha ulimi. Kwa bada na kipande cha papa mkavu, hicho ndicho chakula kilichotukuza wengi wetu mkoani Tanga.

Zamani hizo hakuna aliyeona tofauti kubwa kati ya kulima na kuokota. Shamba lilitoa muhogo, kunde na kisamvu; kingo zake zikatoa mchunga, mnavu na mlenda ambao hakuna aliyeupanda. Pwani, maji ya bamvu yakitoka, wanawake walishuka ufukoni kuokota kombe. Mtu alikula kilichokuwa na msimu wake, akajifunza kungoja, akajua kutosheka. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge, na mashamba ya zao hilo yakameza ardhi kubwa kuanzia Pangani hadi Korogwe na kwingineko. Vibarua wakazoeshwa kuishi kwa posho. Hata hivyo, mama zetu waliendelea kuchuma. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha utafiti kuhusu mboga za porini katika mlo wa Washambaa wa Lushoto, akaonyesha jinsi zilivyobeba kitoweo cha kila siku. Alichoandika kilikuwa kikijulikana zamani kwa kila aliyewahi kubeba kikapu.

Leo tunanunua dawa ya magugu, tunapulizia shamba, tunaua mchunga na mnavu wetu kwa fedha zetu wenyewe. Kisha tunakwenda sokoni kununua kabichi iliyosafirishwa kutoka milimani Lushoto. Vijana wakiona mchunga mezani wanauita chakula cha shida. Haya ya nani? Jani linaloota bila mbolea, lisilodai maji ya bomba wala nauli ya lori, tumelifanya aibu. Kisha mwili ukilemewa na chipsi na soda, tunauliza mlo wenye uwiano unapatikana wapi.

Mbegu za mboga zetu za asili zinahifadhiwa Arusha, katika Kituo cha Mboga Duniani, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ghala la baridi haliwezi kutunza kidole kinachojua pa kubana, wala jicho linalojua mche wa kupita na mtaro wa kuepuka. Elimu hiyo inakaa kwa watu, na wenye nayo wanaondoka mmoja mmoja huku wajukuu wakiwa wameinamia simu.

Mchunga wenyewe haujatukimbia. Mizizi yake hutambaa chini ya udongo, na mvua za kwanza zikinyesha huota tena hata pale ulipolimwa mara nyingi. Kinachopotea ni mjuzi wake. Basi masika yakianza, acha kipande cha shamba bila kupuliziwa dawa. Mchukue mwanao, mwende kwa bibi au shangazi aliye hai, na mmwombe awafundishe kuchuma kabla hajaondoka.