Mkao wa Mwili Katika Mvuto wa Katikati ya Paja

Kipimo cha isometriki hupima nguvu ambayo misuli hutoa bila kiungo kusogea. Mwanamichezo huvuta chuma kilichofungwa imara kwenye fremu. Chuma hakiondoki, na bamba la kupimia lililo chini ya nyayo zake hurekodi jinsi anavyolikandamiza. Kwa kuwa hakuna mwendo, pembe za viungo alizoanza nazo ndizo zinazoamua karibu kila kitu, na mkao mbovu huingia moja kwa moja kwenye namba.

Kipimo maarufu cha aina hii ni mvuto wa katikati ya paja, uliojulikana kupitia kazi ya Gregory Haff na wenzake nchini Marekani mwaka 1997. Mkao wake uliigwa kutoka kwa wanyanyua vitu vizito, pale chuma kinapokuwa kimeshapita magoti na mnyanyuaji anakipaisha kwa kishindo: kiwiliwili kimesimama, magoti yamekunjwa kidogo, mikono imenyooka. Mwongozo unaofuatwa siku hizi huweka goti kati ya nyuzi 125 na 145 na nyonga kati ya nyuzi 140 na 150, ambapo nyuzi 180 ni kiungo kilichonyooka kabisa.

Nyonga ndiyo yenye hila zaidi. Kiwiliwili kikiinamia mbele, nyonga hurudi nyuma na umbali wake kutoka kwenye chuma huongezeka. Kwa kanuni ya wenzo, misuli ya makalio na mgongo hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi kwa mzigo uleule, na mgongo huelemewa kabla mapaja hayajatoa yote yaliyonayo. George Beckham na wenzake walilinganisha mikao hiyo miwili, wakakuta kiwiliwili kilichosimama kinatoa nguvu kubwa kuliko kilichoinama.

Urefu wa msuli nao una sehemu yake. Mwaka 1966 Gordon, Huxley na Julian walionyesha, kwa nyuzinyuzi za msuli wa chura, kwamba mkazo hufikia kilele sarkomea, yaani kipande kidogo kinachojikaza ndani ya uzi wa msuli, ikiwa na urefu wa takriban mikromita 2.0 hadi 2.2, kisha hupungua ikifupishwa au ikivutwa zaidi. Misuli mikubwa ya nyuma ya paja hupita juu ya nyonga na goti kwa pamoja. Nyonga ikikunjwa, misuli hiyo hurefuka hata kama goti halikuguswa, na mkazo wake hubadilika.

Ndiyo maana pembe hupimwa kwa goniometa, si kwa jicho. Tena hupimwa mwanamichezo akiwa ameshakivuta chuma kidogo, kwa sababu mwili si jiwe: mikanda inayofunga viganja kwenye chuma hukaza, mabega hushuka, na pembe iliyoonekana kabla ya kuvuta huenda isiwepo tena. Viwiko vilivyokunjwa vina madhara yao. Sehemu ya kwanza ya juhudi huishia kuvinyoosha. Kilele cha nguvu kinaweza kustahimili kasoro hiyo, lakini kasi ya kupanda kwa nguvu katika milisekunde 200 za mwanzo, ambayo wakufunzi wa wakimbiaji huithamini sana, huharibika.

Baada ya kusimama kimya kwa muda mfupi ili uzito wake usomwe, mwanamichezo huelekezwa kuisukuma ardhi kwa miguu, haraka na kwa nguvu zote, kwa takriban sekunde 5. Ripoti lazima iseme kama uzito wa mwili umetolewa: mtu wa kilo 80 ana uzito wa karibu newtoni 785, hivyo bamba likionyesha 3000, nguvu halisi ya mvuto ni takriban 2215. Tundu la fremu ambamo chuma kiliwekwa nalo huandikwa pamoja na pembe, na jaribio linalofuata huanzia hapohapo. Wanamichezo wawili wenye urefu tofauti hawatumii tundu moja. Kinachopaswa kulingana ni pembe zao.