Ukuti na Upepo wa Ziwa

Mchezo wa Ukuti twausifu: watoto hushikana mikono wakazunguka, wakitetemeka kama kuti la mnazi lipigwapo na upepo. Tumlaumuye ni mwalimu aishiaye hapo, asiyeuliza upepo watoka wapi. Mnazi ni mti wa pwani. Mtoto wa Mkolani ana ziwa. Na ajaze kopo moja mchanga, la pili maji, ayaweke juani tangu asubuhi, kisha adhuhuri atie kidole. Mchanga waunguza, maji bado! Ndivyo mchana nchi kavu ipatavyo joto upesi kuliko ziwa. Hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kushika mahali pake. Usiku hugeuka, ukavuma kutoka bara kwenda majini, saa ile ambapo baba za baadhi ya watoto hao wamo mitumbwini na taa zao, wakivua dagaa.