Chura Aliyeelea Hewani: Namna Kicheko Kilivyobeba Elimu

Mwaka 1997, katika maabara ya sumaku kubwa mjini Nijmegen, nchini Uholanzi, chura mdogo aliye hai alielea hewani ndani ya mrija, hakushikwa na uzi wala hakuegemea kitu, akitapatapa kwa miguu yake minne. Na picha zake, zilizotolewa na mwanafizikia Andre Geim na wenziwe, zikaenea pande zote za dunia, zikachekesha wakubwa kwa wadogo, na hata leo watu hawajakoma kupelekeana katika intaneti. Inafaa tuchambue namna jambo hilo lilivyotendeka, maana yeyote atakaye kueneza maajabu ya sayansi kwa njia ya kicheko atapata humo mafunzo makubwa ya kazi yake.

Tuanze na nguvu iliyombeba. Aghalabu tunaamini kwamba sumaku huvuta chuma, na kwamba maji, mti na nyama havina habari nayo. Michael Faraday alikwisha kudhihirisha mwaka 1845 kwamba vitu vya namna hiyo huikimbia sumaku: ugasumaku unapopenya ndani yake, mwendo wa elektroni hubadilika kidogo, kila atomi ikawa sumaku dhaifu iliyoelekea kinyume, ikasukumwa kwenda mahali ambapo ugasumaku umepungua. Tabia hii, iitwayo dayamagneti, ni hafifu mno hata katika maisha ya kila siku haihisiki. Ili imwinue chura, ambaye sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, ilitakiwa sumaku ya umeme ya kiasi cha tesla 16, yaani mara 300,000 hivi ya ugasumaku wa dunia yetu, iliyoundwa kwa bamba za shaba zinazopozwa kwa maji, na yenye tundu la wima la kipenyo cha milimita 32 tu.

Wala nguvu peke yake haikutosha. Kani inayoinua hutegemea ukubwa wa ugasumaku pamoja na wepesi wa kupungua kwake kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo chura hakuelea katikati kabisa ya sumaku, ambapo ugasumaku ni mkubwa lakini karibu haubadiliki, bali juu zaidi, kuelekea mdomo wa tundu, ambapo hupungua upesi. Tena palikuwa na kizuizi cha kale: Samuel Earnshaw alithibitisha mwaka 1842 kwamba sumaku zisizobadilika haziwezi kuinuana hewani kwa utulivu. Chura aliokoka hukumu hiyo kwa sababu usumaku wake si wa kudumu. Huzaliwa na ugasumaku wenyewe na hujirekebisha pamoja nao. Na kwa kuwa kani ilishika kila molekuli ya mwili wake, hakuning'inia kwa ngozi wala kwa mfupa, alitoka salama.

Sasa tutazame uteuzi, ambao kwa rai yangu ndio ufundi mkubwa kuliko wote. Wafaransa wawili, Beaugnon na Tournier, walikwisha kuinua hewani maji na vitu vingine mwaka 1991, wakaandika habari hiyo katika jarida mashuhuri la Nature, lakini umma haukushtuka. Geim na wenziwe nao waliinua matone ya maji na matunda. Walipomweka chura, kila mtu alielewa papo hapo kwamba mbele yake kuna kiumbe ambacho si chuma, chenye uhai na uzito, ambacho hakikustahili kuelea. Kicheko kilitokana na mgongano wa tulijualo na tulionalo, na mgongano huo huo ndio swali la kisayansi. Mzaha na kanuni vilikaa katika mwili mmoja. Asingeweza mtu kucheka pasipo kujiuliza.

Wala hawakumwacha msomaji na mshangao mtupu. Mwaka huo huo wa 1997 Geim na Michael Berry wa Bristol walichapisha hesabu kamili ya utulivu wa chura katika jarida la Ulaya la fizikia, na mwaka 2000 wote wawili wakapewa tuzo ya Ig Nobel, itolewayo kwa kazi zinazochekesha kwanza, kisha zikafikirisha. Mwaka 2010 Geim, pamoja na Konstantin Novoselov, alipata Nobel ya fizikia kwa utafiti wa grafini, ambayo waliipata kwa kubandua grafiti kwa utepe wa gundi: udadisi ule ule wenye uchangamfu, ulioelekezwa kwingine.

Basi anayesambaza maajabu ya elimu na ajitwike wajibu huu: achague mfano ambao ndani yake sababu inaonekana, ahakikishe ukweli wake kwa burhani, kisha aambatanishe maelezo yanayotosha. Ajabu isiyo na sababu humfunza mtu kustaajabu na kupita. Ajabu iliyofafanuliwa humpa uwezo wa kuuliza lijalo, na kicheko kilichomfikisha hapo kimekwisha kufanya kazi ya mwalimu.