Kamera Iliyoishia Njiani

Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, aliyepita kijiji cha Tura mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo ni amri: tua mzigo. Msafara kutoka pwani ulikuwa umeuvuka Mgunda Mkali, nyika kame inayoitenga Ugogo na Unyamwezi, na hapa ndipo wapagazi walipokuta tena kijiji, chakula na maji. Mwanzoni mwa 1861 walifika mvumbuzi John Speke na mwenzake James Grant. Kamera waliyotoka nayo Unguja haikuwamo.

Haikuvunjika wala kuibwa. Speke aliirudisha pwani, na sababu aliitaja mwenyewe: joto la kihema cha kuandalia vioo vya picha lingemuua upesi Grant, mpigapicha wao.

Aliyezoea simu atadhani Grant alikuwa mdekaji. Hebu tumfuate akipiga picha, ambayo siku hizo ilipigwa juu ya kioo. Anashika kioo kisafi kwa pembe, anamimina katikati kolodioni, ute wa etha na spiriti, anakiinamisha pembe hadi pembe mpaka utandae, na unaozidi anaurudisha chupani. Anajifungia gizani, anakizamisha kioo kwenye maji ya nitrati ya fedha kwa dakika chache, anakitia kwenye kasha lake kikiwa bado kinachuruzika, anakimbilia kamera. Akishapiga, anarudi mbio kusafisha picha. Kioo kikimkaukia mkononi kimekufa, maana dawa haipenyi tena.

Sasa etha huchemka kwenye nyuzijoto 35. Hema lililozibwa kila upenyo, juani, hupita hapo kabla ya adhuhuri. Ute unakauka haujatandaa, na mvuke wake anauvuta mpigapicha.

Unguja, mwaka 1860, Grant alifaulu. Picha yake ya soko la watumwa ipo hadi leo. Lakini mjini kuna kuta nene na visima. Kwangu mimi, hata kama hema lingemwacha hai, Mgunda Mkali ungemshinda kwa jambo dogo tu: kila kioo hutaka kusuuzwa, tena kwa maji safi. Nani angemwaga maji juu ya kioo mbele ya watu waliobeba frasila mbili, kama kilo 32, huku vibuyu vikikaribia kukauka?

Basi Grant akashika penseli na rangi za maji. Kitabu cha Speke cha 1863 kikapambwa kwa picha zilizotokana na michoro yake.

Dawa ya tatizo la Grant haikuwa lenzi bora. Mwaka 1871 Mwingereza Richard Maddox alieleza namna ya kushikiza chumvi za fedha kwenye jelatini badala ya kolodioni. Kioo kikavu kikaja kuenea: kinatengenezwa kiwandani, kinakaa sandukuni miezi, kinapigwa leo na kusafishwa baadaye kabisa, penye chumba cha giza na maji tele. Kupiga kukaachana na kusafisha. Mpigapicha angeweza kupiga Tura saa sita mchana, akafunga kasha, akaja kuiona picha yake Unguja au Ulaya.

Mpagazi hakupunguziwa sana. Hema na chupa zilipungua, lakini kioo bado kilikuwa kioo, na safari ya kurudi ilipitia Mgunda Mkali uleule.